Chubwi inaangukia mita tano tu, tatizo ni fimbo au mkono wangu?

Swali: Kaka shikamoo. Mi nipo Ujiji, mwezi uliopita nimenunua fimbo ya kuvulia yenye rili, ya mtumba lakini nzima, nailoni nikajaza mwenyewe. Kila nikirusha chubwi (kile kizito cha kuzamishia ndoana) inaangukia mita tano sita mbele yangu na nailoni inatoka imejisokota kama springi, nashinda nafumua mafundo tu. Vijana wanaovua kwa mshipi wa mkono pale pale wananizidi mbali halafu wananicheka. Bega saivi linauma. Nimekutumia picha. Niuze hii fimbo nitafute nyingine au tatizo ni mimi?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Fimbo usiuze. Picha yako nimeikuza mpaka mwisho nikacheka kidogo, samahani, sio kwa dharau, nimecheka kwa sababu na mimi nilianza hivyo hivyo na hakuna aliyenambia kwa wiki tatu nzima. Umeifunga rili juu chini. Yani imekaa mgongoni mwa fimbo, na inatakiwa kuning'inia tumboni.

Ngoja nikueleze kwanini ulifanya hivyo maana nadhani najua. We unatumia mkono wa kulia, ukashika fimbo, ukaona mpini wa kuzungushia upo upande ambao haukukaa vizuri, ukaigeuza fimbo ili mpini uje kulia. Sasa matokeo yake unazungusha kinyumenyume, na zile pete za fimbo zinaangalia juu, nailoni ikikazwa inalalia mti wa fimbo badala ya kuning'inia kwenye pete. Dawa ni dakika moja: rili nyingi za aina hiyo mpini unahama. Upande wa pili wa mpini kuna kifuniko au skrubu, fungua, chomoa mpini, upeleke upande wa pili, funga. Mkono wa kulia unashika fimbo na kurusha, wa kushoto unazungusha. Siku mbili utaona ajabu, siku ya tatu umezoea.

Namna ya kukumbuka: rili kama yako, ile ambayo spuli yenyewe (kile kibiringi kinachobeba nailoni) haizunguki ila kile kichwa chenye waya ndo kinaizungukia na kuipangia nailoni, siku zote inakaa chini, na pete ya kwanza iliyo karibu na rili huwa ni kubwa kuliko zote alafu zinapungua kwenda nchani. Ukubwa wa ile pete ya kwanza una kazi yake, nailoni inatoka kwenye spuli kwa duara, ile pete inaikusanya polepole. Ukiona fimbo pete zote ni vidogo vidogo jua ni ya rili ya kukaa juu, hiyo ni habari nyingine tuiache.

La pili ni nailoni. Hiyo niliyoiona kwenye picha ni ile nene ya mshipi wa mkono, sijui umenunua ya sifuri nukta sita au saba, ila ni nene. Kwa mshipi wa mkono ile ni sahihi kabisa, haikati vidole na haijifungi hovyo. Ila ukiibana kwenye spuli ndogo inashika umbo la spuli na kukaa hivyo, kila ukiirusha inataka kurudi kuwa duara, ndo hizo springi zako. We tafuta nailoni ya milimita 0.28 au 0.30. Utaiona nyembamba utasema hii itakatika, haikatiki, nailoni nzuri ya unene huo inabeba kama kilo nne na nusu mpaka tano za mvuto, na samaki ndani ya maji haning'inii kama nyama buchani, anavuta, unamwachia, anachoka. Na ukisoma pale juu ya mshikio wa fimbo kuna maandishi, mengi yamefutika kwenye mitumba ila ukiweka kwenye mwanga wa pembeni yanaonekana, kuna namba za uzito wa nailoni kwa pauni, mfano 8 hadi 15, na uzito wa kurusha kwa gramu, mfano 10 hadi 30. Pauni moja ni kama nusu kilo pungufu kidogo. Hizo namba ndo mkataba wako na fimbo. Kama imeandikwa 10 hadi 30 na we umefunga chubwi ya gramu 100 za wale vijana wa mkono, fimbo inainama tu kama mgomba wenye mkungu, haina nguvu ya kurudi. Ukifunga kitu cha gramu 3 nayo haikisikii kabisa. Kurusha kote kunategemea fimbo ipinde alafu inyooke, na ili ipinde inataka uzito wa kutosha kuipinda lakini sio kuivunja.

Kabla hujajaza nailoni mpya kagua pete. Chukua kipamba kidogo cha dukani kipitishe ndani ya kila pete ukizungusha, pakinasa nyuzi za pamba jua kuna ufa hata kama macho hayauoni, na ufa huo utakata nailoni siku umempata samaki wa maana. Mimi pete moja ya juu ilinifanyia hivyo msimu mzima nikawa natukana nailoni ya watu.

Kujaza sasa, na hapa ndo wengi wanaharibu. Funga kwanza nailoni kwenye spuli ya rili, lakini kumbuka kuipitisha kwenye pete ya kwanza ya fimbo na kufungua ule waya wa rili kabla ya kufunga fundo, la sivyo utafunga, utaufunga waya, utaona nailoni ipo nje unaanza upya (nimefanya hivi juzi tu na miaka yangu yote hii). Kile kigurudumu cha nailoni ulichonunua kilaze sakafuni, lebo juu. Bana nailoni kwa kitambaa kibichi kati ya vidole viwili, juu kidogo ya rili, ili iingie imekaza. Zungusha mara kumi na tano hivi, simama, legeza nailoni uangalie. Ikilala tulivu endelea. Ikianza kujikunja kunja yenyewe kama nyoka, geuza kile kigurudumu, lebo iangalie chini, endelea. Ni hilo tu. Kwasababu rili inaizungushia nailoni kwa upande mmoja na kigurudumu kinaitoa kwa duara, kama pande hazipatani kila mzunguko mmoja unaacha msokoto mmoja ndani, ukijaza mita mia umeshaweka misokoto mamia kabla hata hujafika ziwani.

Jaza mpaka ibaki kama milimita mbili kufika ukingo wa spuli. We kwenye picha imejaa nusu. Nusu maana yake nailoni ikitoka inapanda ukuta wa spuli kila duara, inasugua, inapunguza mwendo, hapo peke yake unapoteza umbali mkubwa sana. Ukijaza kupita ukingo nako inamwagika yote kwa mpigo unapata kiota cha ndege. Milimita mbili.

Fundo la ndoana au la kizungushio (kile kichuma kinachozunguka ili nailoni isijisokote): pitisha nailoni kwenye tundu, izungushe juu ya yenyewe mara tano au sita, rudisha ncha kwenye katundu kadogo kaliko jirani na jicho la ndoana, alafu ipitishe tena kwenye lile tanzi kubwa lililojitokeza. Sasa kabla ya kukaza, lilambe. Kweli, weka mate. Nailoni kavu ikikazwa inasuguana inapata moto na inadhoofika hapo hapo kwenye fundo, ukiangalia kwa karibu utaona imebadilika inakuwa nyeupe yenye mikunjo midogo. Likiwa hivyo kata rudia. Fundo zuri mizunguko inalala mmoja pembeni ya mwenzie kama kamba ya kitanda iliyosukwa na fundi.

Breki ya rili, kile kitufe cha mbele au nyuma kinachokaza na kulegeza, watu wanakaza mpaka mwisho wakidhani ndo nguvu. Breki iwe kama robo mpaka theluthi ya uwezo wa nailoni. Huna mizani? Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ijaze, hiyo ni kilo moja na nusu. Funga nailoni shingoni mwa chupa, shika rili usawa na sakafu, nyanyua. Rili ikitoa nailoni polepole huku chupa inanyanyuka kwa shida, umefika, kwa nailoni ya kilo tano hapo ni pazuri. Chupa ikipaa bila rili kutoa nailoni umekaza sana.

Kurusha sasa. Na kurusha usiende nako ziwani kwanza, nakuomba. Ziwani una upepo, una mawe, una ndoana, una wale vijana wanakucheka, huwezi kujifunza kitu ukiwa na hasira. Nenda uwanja wa mpira asubuhi kabla watoto hawajaja. Ndoana acha nyumbani kabisa. Pita kwa fundi pikipiki muombe nati inayofunguliwa kwa spana namba 19, ina kama gramu 17, ya spana 17 ina kama gramu 11. Ya 19 inakutosha. Izungushie kipande cha tyubu ya baiskeli ili ikimpata mtu isimuumize na isikwaruze fimbo. Vua ndara, iweke mita kumi na tano mbele yako. Hiyo ndo shabaha, sio mwisho wa uwanja. Anayeanza kwa kutafuta umbali hajui alikokosea, anayetafuta ndara anajua kila mara.

Shika fimbo, shina la rili likae katikati ya vidole, viwili mbele viwili nyuma au vyovyote unavyojisikia, ila kidole cha shahada kifike kwenye nailoni. Nati ining'inie toka ncha ya fimbo kama nusu mita, isiwe imebana nchani. Zungusha kichwa cha rili mpaka kile kiroli kinachopitisha nailoni kije juu, karibu na kidole. Kunja kidole, ishike nailoni kwenye kiungo cha kwanza, sio uibane kwenye mti wa fimbo kwa nguvu mpaka ikuchane, ikae tu imening'inia kwenye kidole. Fungua waya kwa mkono wa kushoto. Angalia nyuma. Kila mara angalia nyuma, na uwanjani pia, ukizoea kutoangalia uwanjani hutaangalia ziwani, na nyuma yako ziwani kuna mama kabeba beseni.

Maelekezo ya wazungu wanakwambia fimbo irudi saa mbili alafu iende saa kumi, ukisoma kwa saa zetu ni asubuhi mpaka jioni, utarusha siku nzima. Wanamaanisha zile namba zilizoandikwa kwenye saa ya ukutani. Kumi na mbili ni juu ya utosi wako, mbili ni nyuma kidogo ya bega, kumi ni mbele. Fimbo isipite namba mbili kwenda nyuma, ikilala mgongoni umeshapoteza.

Sasa bega lako. Linauma kwasababu unarusha kama unamwaga maji ya ndoo, bega zima na kiuno. Fimbo ya mita mbili hivi haitaki hayo. Kiwiko kikae karibu na mbavu, kazi ifanywe na mkono wa mbele na kifundo. Rudisha fimbo nyuma kwa haraka ya wastani, ikifika namba moja mpaka mbili simamisha, utasikia nati inavuta ncha kwenda nyuma, ule mvuto ukiusikia tu hapo hapo peleka mbele kwa mwendo unaoongezeka, mwanzo taratibu mwisho haraka, ikifika namba kumi simamisha fimbo ghafla. Simamisha. Fimbo ikisimama ndo inanyooka, na ikinyooka ndo inarusha. We kazi yako ni kuipa mpindo na kuachia kidole.

Kuachia. Hapa ndo pote. Ukiachia mapema nati inapaa juu inarudi karibu na utosi, ukichelewa inapiga chini miguuni. Wewe chubwi yako inaanguka mita tano mbele kwasababu unachelewa, nina uhakika karibu kabisa, unashikilia mpaka fimbo imeangalia chini. Achia kidole wakati fimbo inapita kati ya namba kumi na moja na kumi. Lakini ukweli huwezi kuhesabu hivyo kichwani, ni mkono unajua. Ulipokuwa mtoto ulipopoa maembe, na Ujiji maembe hayajawahi kutuishia, kuna aliyekufundisha jiwe uliachie wakati gani? Hakuna. Jiwe la kwanza lilipita juu, la pili likapiga shina, la kumi likashusha embe. Ni kitu kile kile, ila sasa kidole ndo kinachoachia. Na wale vijana wa mshipi wa mkono wanaokucheka wanakuzidi kwa hilo hilo, wanazungusha chubwi nzito pembeni, nailoni yao wameitandaza chini kwa duara haina msokoto wowote, na wanajua wakati wa kuachia. Wangepewa fimbo yako ikiwa imefungwa sawa wangekuzidi kwa fimbo pia siku hiyo hiyo, kwahiyo kaa nao vizuri, uwaangalie mikono.

Rusha mara thelathini uwanjani, pumzika, thelathini tena. Ukitua karibu na ndara mara tatu nne mfululizo isogeze mita tano. Nati ikiwa hewani inakaribia kushuka, gusa ukingo wa spuli kwa kidole cha shahada, inapunguza mwendo na nailoni inanyooka kabla ya kutua. Ikishatua funga waya kwa MKONO, usizungushe mpini ili ujifunge wenyewe, alafu vuta nailoni kidogo ikaze ndo uanze kuzungusha. Hii tabia moja inaua nusu ya mafundo. Ukizungusha nailoni ikiwa imelegea inaingia tanzi moja chini ya nyingine, unarusha mara inayofuata tanzi linatoka na wenzie kumi.

Na samaki akiwa anavuta rili inalia, usizungushe mpini. Haumvuti, unasokota nailoni tu. Inua fimbo umlete, alafu zungusha ukiishusha.

Siku ukienda ziwani, nenda alfajiri ziwa likiwa limetulia. Mei mpaka Septemba upepo wa kusini mashariki unapiga ziwa lote hili la Tanganyika na mchana wimbi linakuwa la kweli, kwa anayeanza utatupa tu nailoni kichwani mwako. Ghuba ya Kigoma imejikinga kidogo. Usiende kujifunzia Kibirizi kwenye mialo wakati boti zinaingia na kutoka, watu wapo kazini na ndoana yako haina macho. Tafuta sehemu yenye mawe yanayokutana na mchanga, maji yetu ni meupe unaona chini mita nyingi, na hiyo ni faida na hasara, samaki nae anakuona. Rudi nyuma hatua kadhaa, usisimame ukingoni kama mnara. Kwenye midomo ya mito kaa mbali na maji, mamba wapo.

Kwa ngege chambo ni minyoo au kidonge cha ugali mgumu, ndoana ndogo. Kuhe ni mla samaki wenzie, huyo mtupie kijiko cha chuma cha gramu 15 au 20, au dagaa mbichi, kiache kizame kidogo ndo uvute kwa kusita sita. Ila ukiona wawili wameganda sehemu moja na wingu la vitoto katikati yao, waache. Kuhe dume na jike wanalinda watoto pamoja, na huyo atapiga kitu chochote kinachosogea kwa hasira, sio njaa, kumpata hapo sio ufundi na vitoto vyote vinaliwa dakika hiyo hiyo. Mgebuka usijichoshe nae toka nchi kavu, ni wa kilindini, wenye boti wanamjua.

Pita kwanza ofisi ya uvuvi uulize leseni na kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, na fimbo ni uvuvi kama uvuvi mwingine. Na huko Mahale usirushe kabisa, hifadhi inaingia ndani ya maji kilomita 1.6 toka ufukweni.

Ile nailoni nene usiitupe, na ziwani ndo usiitupe kabisa, haiozi. Itoe kwenye rili ukiwa uwanjani, ivute yote kwenye nyasi bila kufunga kitu nchani, msokoto unajitoa wenyewe, alafu izungushie kwenye chupa tupu ya soda, funga ile chubwi yako nzito na ndoana. Hapo una mshipi wa mkono safi kabisa, siku upepo ukikataa fimbo unautumia huo, na vijana watakuonyesha bure.